Nati Tano za Mbele Kushoto

Jirani wa nyumba ya pili, yule ambaye mtaa mzima humwita Mama Redio kwa sababu habari zake hazisubiri saa, anasema alikuwa anaanika nguo alipoliona gurudumu likishuka mteremko peke yake. Anasema halikuwa na haraka. Lilikuja likibiringika katikati ya barabara kama mtu mzima anayetoka kazini, likampita bila salamu, likakata kona, na ndipo nyuma yake akaliona gari lenyewe likija limeinamisha bega moja, chuma kinakwaruza lami na cheche zinaruka. Dereva, anasema, alikuwa ametoa macho kama fundi saa aliyepoteza nati. Hapo husimama kidogo ili watu wacheke. Kisha anaendelea: gari likaenda kujibandika kwenye ukuta wa ghala la mbao, na yeye, ambaye daima hufika wa kwanza, alimkuta dereva ameukumbatia mkono wake wa kulia, akamwambia kwa kinywa chake mwenyewe: "Shemeji hakukaza."

Hayo aliyasema mlango wa kwanza. Alipofika mlango wa tatu, shemeji alikuwa amesahau kabisa kuzirudisha nati, na mpaka leo anazo mfukoni.

Mke wa fundi aliyakuta maneno hayo dukani alipokwenda kununua sabuni. Yalikuwa yamekaa pale kabla yake, kama mteja. Alipoingia yakanyamaza. Mwenye duka akafuta mizani isiyo na vumbi.

"Kaka yako anaendeleaje?" akauliza.

"Amefungwa plasta. Mkono umevunjika mahali pawili."

"Pole. Ni ajali tu."

"Ajali?" akasema mwanamke mmoja aliyekuwa anachagua vitunguu, bila kuinua uso. "Ajali ni mvua. Nati hukazwa."

Mke wa fundi alichukua sabuni yake akatoka. Nyuma alisikia kicheko kimoja kilichobanwa, kisha kikawaponyoka.

Nyumbani, mumewe alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwenye ule uwanja wa nyuma anaouita gereji, spana ya kipimo iko magotini. Ni spana ndefu yenye nambari mpinini, na kazi yake ni moja tu: unaipa kipimo unachotaka, unakaza, na nati ikifika pale spana inalia *ta*, kama kifundo cha kidole, nawe unaacha. Huongezi hata kwa mapenzi. Fundi aliinunua kwa kiinua mgongo chake gereji aliyofanyia kazi ilipofungwa, wenzake wakinunua televisheni. Hakuna aliyeruhusiwa kuilegezea nati. Ya kulegezea ilikuwa spana ya tairi, mtumwa wa kazi chafu. Na kila ikishatumika aliirudisha kwenye sifuri kabla ya kuilaza sandukuni, kwani chemchemi ya ndani, alisema, ikilala imebanwa hujisahau. Mkewe humtania: "Mimi nalala miguu haijanyooka, mwenzangu analazwa sifuri."

Siku hiyo hakumtania.

"Leo wanasemaje?" fundi akauliza.

"Leo ziko mfukoni mwako."

Fundi aliingiza mkono mfukoni kweli, akatoa kitambaa cha jasho, akakitazama pande zote mbili. "Hazimo," akasema. Wote wawili walitabasamu, lakini tabasamu lenyewe halikufika mbali.

Geti likagongwa. Alikuwa mwenye teksi, ambaye gari lake lilikuwa limeinuliwa kwa jeki, breki za nyuma zimefunguliwa, vyuma vimepangwa juu ya gazeti.

"Fundi, hili nitalichukua tu."

"Breki hazijafungwa, ndugu yangu. Kesho saa nne limekwisha."

"Nitalivuta kwa kamba."

"Unaogopa nini?"

"Siogopi," mwenye teksi akasema, akiangalia chini. "Ila nina watoto."

Fundi alivikusanya vile vyuma kimoja kimoja, akavifunga ndani ya gazeti kama mtu anayefunga samaki, akampa. Kisha akasaidia kulisukuma gari mpaka nje. Mwenye teksi alitaka kumlipa nusu ya kazi, fundi akaurudisha mkono wake. Mkewe, aliyekuwa anatazama kutoka jikoni, aliona afadhali angechukua. Lakini hayo mengine ni ya kumwambia mtu siku nyingine.

Na hata hilo silo lililokuwa linawaumiza. Kilichowaumiza ni barua. Kaka mtu, huyo mwenye mkono uliovunjika, ni mtunza stoo kwenye yadi ya malori. Ndiye aliyemwombea shemeji yake kazi pale, ya kudumu, yenye mshahara wa mwezi na likizo. Jumatatu ijayo fundi alikuwa aanze. Jana wifi alipiga simu akasema kwa sauti ya chini, kama anayezungumza mbele ya mgonjwa: "Mkuu wa yadi amesema barua isubiri kwanza." Barua haina miguu. Ikiambiwa isubiri imekufa.

*

Alasiri fundi alimwita mkewe. Alikuwa amebana bolti moja kwenye jiliwa, nati iko nusu ya safari.

"Shika spana. Mimi nageuka. Kaza mpaka ilie. Nikiisikia nitainua kidole."

"Ili iweje?"

"Shika tu, mama."

Akasimama amempa mgongo. Mkewe akavuta. *Ta.* Kidole kikainuka. Akalegeza kwa ile spana nyingine, akavuta tena. *Ta.* Kidole. Safari ya tatu alivuta kidogo akaachia kabla haijalia, kidole hakikuinuka. Fundi akarudi nyuma mpaka ukutani, akaziba sikio la kushoto, kisha la kulia. Mkewe aliliza mara saba, na mara saba kidole kiliinuka.

"Sikio zima," mkewe akasema.

"Basi ni mkono."

"Mkono una nini?"

"Sijui. Ndiyo maana naogopa." Aligeuka, akaitazama mikono yake miwili kama wageni ambao hakuwaalika. "Siku ile nilisikia *ta*. Kila nati. Sasa nauliza, nilisikia au nilizoea kusikia?"

Mkewe angeweza kumjibu papo hapo. Siku ile alikuwa amesimama karibu na beseni la nguo, na kama ilivyo desturi yake huwa anamhesabia mumewe kimoyomoyo, bila mwenyewe kujua. Mbele kushoto zilikuwa tano. Alimwona akianza na nati ya juu, akaruka mpaka ya chini, akaenda kwa mtindo wa nyota ili gurudumu likae sawa. Mzunguko wa kwanza nusu ya kipimo, wa pili kipimo chote, gari likiwa limeshushwa chini. Zililia tano. Zilikazwa. Basi zililegeaje?

Swali hilo alilala nalo na kuamka nalo.

*

Asubuhi fundi alivaa shati lake la vifungo akaenda yadi kumwona mkuu. Mkewe alingoja vumbi lake litulie, akaifunga spana ya kipimo ndani ya shuka, akachukua na ya tairi, akaelekea ghala la mbao. Gari la kaka yake lilikuwa bado pale, limeegemea ukuta, pale mbele kushoto pametegemezwa kigogo.

Mlinzi wa ghala alikuwa anapiga mswaki.

"Mama, umekuja kumalizia kazi?"

"Ndiyo. Nimechelewa kidogo."

Mlinzi alicheka mpaka povu likamtoka, akamsogezea boksi la kukalia.

Hakukaa. Alichutama kwenye gurudumu la nyuma. Nambari ya kipimo alikuwa anaijua, mumewe ameiandika kwa kalamu kwenye kifuniko cha sanduku: mia moja. Akaizungusha spana mpaka mia moja, akaivika nati ya juu, akavuta. Kama nati iko palepale ilipoachwa, spana inapaswa kulia kabla hata haijasogea. Nati ikasogea. Ikaendelea kusogea, taratibu, bila ukaidi, karibu nusu mzunguko, ndipo ikalia. Akaenda ya pili. Vilevile. Ya tatu vilevile. Akazunguka upande wa pili wa gari. Nako hali ilikuwa ileile.

Nusura apige kigelegele. Mkono wa mtu ukichoka husahau nati moja, labda mbili. Hausahau gari zima kwa kiasi kilekile. Si mkono!

Akaichukua spana ya tairi, akaifungua nati moja kabisa ili aone inakokaa. Ndani ya tundu la rimu, pale nati inapobana, palikuwa na kitu kama ganda la yai lililokanyagwa. Akalikwangua kwa ukucha. Likatoka unga wa rangi ya fedha.

Mlinzi alikuwa ameinama juu ya bega lake. "Hii rangi naijua," akasema. "Si ya geti lenu?"

Mke wa fundi alibaki ameshika ile nati kiganjani, na mambo yote yakaja yamepangana.

Kaka yake ana msemo wake. Kila shemeji yake akimfanyia kazi, na kwa kawaida humfanyia bure, yeye hulizunguka gari mikono nyuma na kusema: "Kazi ya shemeji nzuri, ila haina sura." Amesema hivyo mwaka wa tatu sasa. Safari hii magurudumu yalikuwa yamefunguliwa yote manne, yamelala kivulini siku mbili yakingoja pedi za breki, rimu zimeota kutu. Na rangi ya geti ilikuwa imebaki nusu kopo. Fundi alikwenda kutafuta pedi. Mkewe akachukua brashi. Alipaka mkono wa kwanza, ukakauka, akapaka wa pili, mzito zaidi, na hakuacha hata alama ya kutu. Aliingia mpaka ndani ya yale matundu matano ya nati, kwa ncha ya brashi, kama anavyompaka mtoto mafuta nyuma ya masikio. Alitaka kazi ya mumewe iwe na sura.

Kumbe nati hazikubana chuma. Zilibana rangi. Spana ililia kweli, kipimo kilifika kweli, lakini juu ya rangi. Na gari lilipotembea, rangi ikapondeka, pale palipokuwa na rangi pakabaki nafasi. Nafasi hata iwe nyembamba kama ukucha, nati huijua.

"Mama," mlinzi akasema, sasa kwa upole, "usimwambie mtu kama nimesema ni ya geti."

"Utamwambia wewe," alijibu, akifunga spana yake. "Mama Redio anaanika nguo saa tatu."

*

Fundi alikuwa amerudi kabla yake. Shati la vifungo lilikuwa limetundikwa msumarini. Hakumwona mkuu. Aliwekwa kwenye benchi la nje pamoja na mtu aliyeleta maji ya kunywa, na baada ya saa mbili akatoka kijana wa ofisini akamwomba aache namba ya simu. "Namba wanayo," fundi akasema. "Nikaandika tena."

Mkewe aliiweka nati juu ya ndoo, mbele yake, pamoja na ule unga aliokuwa ameufunga ndani ya kipande cha karatasi.

"Ni mimi," akasema. "Zote zimelegea, magurudumu yote. Ni rangi yangu. Mkono wako hauna kitu, sikio lako halina kitu, ni mimi niliyepaka mpaka ndani."

Alitegemea atashangaa, au atakasirika, au atafurahi. Fundi aliushika ule unga kwa vidole viwili, akausaga.

"Niliona," akasema.

"Uliona nini?"

"Niliona umepaka matunduni. Fundi gani asiyeona? Pale hapapakwi. Nilichukua na tupa ili nipakwangue." Akapangusa vidole kwenye suruali. "Ukatoka jikoni umeshika brashi, una rangi mpaka kwenye nyusi. Ukaniuliza, 'Sasa ina sura?' Nikaiweka tupa mfukoni. Nikasema, ina sura."

Mkewe alikaa chini, palepale sakafuni.

"Nikajipa moyo," fundi akaendelea. "Nikajiambia, rangi hukaa, nitamwambia arudi baada ya siku moja nizikaze upya, itakuwa imeshapondeka, hakuna neno. Na nilimwambia. Ulikuwepo."

Alikuwepo. Aliyasikia yote mawili, la mumewe na jibu la kaka yake. Fundi alisema: "Shemeji, tembea leo, kesho urudi nizikaze tena. Usiache." Na kaka yake, akiwa ameshaingia garini, anajitazama kwenye kioo, akasema: "Zikazwe mara mbili? Mara ya kwanza ulikuwa unazibembeleza?" Akacheka, akaondoa gari. Halikurudi kesho, wala keshokutwa. Siku ya nne ndipo gurudumu likamwacha.

"Na jana ulivyokuwa unanigeuzia mgongo, unainua vidole?" mkewe akauliza. "Ulikuwa unatafuta nini, kama ulijua?"

"Nilikuwa naomba liwe sikio," fundi akasema. "Sikio ni ugonjwa. Hili si ugonjwa."

Kwa jirani redio halisi ilikuwa inaimba.

"Nitakwenda kwa kaka," mkewe akasema.

"Kumwambia nini? Ukisema ni rangi, wataniuliza fundi hukuona? Afadhali waseme mkono wangu umechoka kuliko waseme nilijua."

"Nitasema ni mimi tu. La kwako nitaliacha."

Fundi akatikisa kichwa. Akasema bila kumtazama. "Ukienda, sema yote. La kwako na la kwangu na la kwake. Au usiende. Ukisema nusu, siku ikijulikana nusu ya pili nitakuwa mwizi kabisa."

*

Kaka mtu alikuwa amekaa kwenye kochi, mkono wake wa plasta umelazwa juu ya mito miwili kama mgeni wa heshima. Wifi alileta chai. Hapo ndani kulikuwa na zulia jipya, na mke wa fundi aliviacha viatu vyake nje ingawa hakuna aliyemwambia.

"Mdogo wangu," kaka akasema, "kama umekuja kumwombea mumeo, mimi simchukii. Kazi yake..."

"Najua. Haina sura."

Wifi aliketi kwenye ukingo wa kiti, sinia bado mapajani.

Basi akasema. Alianza na kopo la rangi, akasema alivyopaka, akafungua ile karatasi juu ya meza ili waone. Kaka yake akauinamia ule unga, akasonya. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyenivunja mkono!"

"Ndiyo. Unisamehe, kaka. Sikujua, lakini kutojua hakukuungi mfupa."

"Na yeye hakuona?"

Hapo alitaka kunywa chai kwanza. Hakunywa. "Aliona. Alikuwa na tupa mkononi. Hakukwangua kwa sababu niliona fahari, akashindwa kunivunja moyo."

"Haa!" Kaka alimgeukia mkewe. "Umesikia, mke wangu? Mimi nusura nife kwa sababu watu wawili wanabembelezana uani!"

Wifi hakucheka. "Mwache amalize," akasema.

"Amalize nini? Amesema lake, amesema la mumewe."

"Bado moja," mke wa fundi akasema.

"Lipi?"

"Unalijua, kaka. Sitaki nikusemee."

Saa ya ukutani ilikuwa inatembea. Kaka aliikoroga sukari kwa mkono wa kushoto, vibaya, chai ikamwagika kwenye kisosi.

"Alikwambia urudi," mke wa fundi akasema hatimaye. "Nilikuwa kwenye beseni. Alisema usiache. Ungerudi, zingelia tena, zingekaa. Sikuletei hilo nikupunguzie maumivu yako wala niongeze. Mimi nimekosa, na yeye amekosa, na kama mkuu wa yadi atasema fundi aliyeona rangi akanyamaza hamtaki, hiyo ni haki yake, tutalala nayo. Lakini mkuu anajua moja tu: kwamba shemeji yako hakukaza. Hilo lilitoka kwako. Na si kweli."

"Nilikuwa na maumivu nilipolisema."

"Sasa plasta ipo."

Wifi alimtazama mumewe. Alikuwa na macho ya mtu anayesikia jambo ambalo siku zote hizi hakuambiwa.

"Hukuniambia kama alikuita urudi," wifi akasema.

"Ningeanzaje kukumbuka kila neno la gereji?"

"Kaka," mke wa fundi akasema. Alikuwa amesogea mpaka kwenye zulia, na bila kupanga alikuwa amepiga magoti, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia tangu wakiwa watoto na kaka ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni. "Mpigie mkuu wa yadi. Mwambie rangi. Mwambie tupa. Na mwambie alikwambia urudi, ukacheka. Yote matatu, kwa mdomo wako, leo. Asipompa kazi, asimpe kwa kosa lake. Nakuomba."

Kaka yake aliitazama plasta. Aliitazama kuanzia kwenye kiwiko, polepole, mpaka kwenye vidole vilivyovimba.

"Mkono unaniwasha ndani," akasema.

Sindano ndefu ya kufumia, ambayo wifi alikuwa akimkunia nayo tangu arudi hospitali, ilikuwa pale mezani, kando ya sinia. Wifi hakuinyanyua.